Yote Aliyosoma Mjomba

"Msumari, duka linavuja. Tausi ameuzwa. Ziba tundu kabla ya adhuhuri."

Redio ikanyamaza. Msumari akaigeuza Yamaha yake katikati ya barabara. Dereva wa lori akamporomoshea matusi, lakini hakusikia.

Tausi alikuwa jasusi wa Idara yao ya usalama ndani ya ghala la wauza silaha, akijifanya karani. Jina lake halisi walilijua watu wawili tu, Mkuu wa Idara na Msumari. Tausi alikuwa dada mdogo wa Msumari, wa tumbo moja.

Faili lake, lenye kazi yake pale ghalani lakini si jina lake, lilikaa masijala chini ya lakiri. Asubuhi hiyo lakiri ilikutwa imebandikwa upya. Wenye funguo za kabati walikuwa watatu. Wawili walishapekuliwa, hawakukutwa na kitu. Wa tatu alikuwa mkuu wa masijala, mjomba aliyewalea Msumari na dada yake tangu walipofiwa na wazazi.

Msumari alifungua mlango wa nyumba ya mzee kwa kipande cha waya, bastola ya Glock mkononi.

Hapakuwa na mtu.

Vitabu vilikuwa vimejaa hadi jikoni. Mezani palikuwa na daftari ambalo Msumari alilijua tangu utotoni. Kila alichosoma mjomba, kiwe kitabu au makala ya gazeti, alikiandika humo: jina, siku aliyomaliza, na maoni mafupi. Asipoandika, alisema, ni kama hakusoma. Idara nzima ilimtania kwa hilo.

Akafunua ukurasa wa mwisho. Makala kuhusu ufugaji wa nyuki. Riwaya moja, "imenichosha." Kisha, kwa mwandiko uleule uliotulia:

"Faili la Tausi. Nimemaliza jana. Binti shupavu, natamani ningemfahamu."

Msumari akakaa. Mzee alikuwa ameiba siri ya kumtia mtu kaburini, na bado mazoea yakamshinda.

Mlango ukafunguka. Mjomba akaingia na begi la safari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mzee aliiona bastola, kisha daftari. Akaliachia begi. "Nilishafika kituo cha basi. Nimerudi kulichukua hilo."

"Umemuuzia nani?"

"Wauza silaha. Walinibana, mwanangu. Na huyo Tausi simjui. Ni jina la karatasini tu."

"Tausi ni mpwa wako. Ni Kitinda wetu."

Mzee akacheka kidogo. "Kitinda ni nesi, yuko ng'ambo. Ananiandikia barua."

"Barua naandika mimi."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Akajishika ukutani, akateremka taratibu mpaka sakafuni.

"Hawaamini simu," alisema. "Bahasha inapelekwa kwa mkono. Land Cruiser nyeupe, barabara ya machimbo. Bado haijafika. Wawahi, mwanangu, wawahi."

Msumari akabonyeza redio.

"Msumari kwa Kituo. Land Cruiser nyeupe, barabara ya machimbo. Bahasha isifike ghalani."

"Nimekupata."

Wakangoja. Mzee alilia waziwazi, kamasi zikimtoka, na Msumari alimwonea huruma na kumchukia kwa pamoja. Hakuishusha bastola.

Redio ikakoroma.

"Gari limezuiwa. Bahasha tunayo. Tumempoteza kijana wetu mmoja. Ghala limevamiwa, silaha zote ziko mikononi mwetu. Tausi yuko salama."

"Usimwambie," mzee alinong'ona. "Nakuomba."

Msumari akalifunga daftari. Wenzake waliingia, wakamfunga mzee pingu na kumtoa nje. Msumari akafuata, akasimama kando ya pikipiki yake.

"Kaka?" Sauti ya dada yake redioni ilikuwa imechoka. "Nani kaniuza?"

"Mtu wa masijala. Tumeshamkamata."

"Basi sirudi tena huko. Nimechoka kumficha mjomba. Leo naenda kwake mwenyewe, nikalale siku nzima. Yupo nyumbani?"

Mlango wa gari ulifungwa. Ndani yake, mzee aliinamisha kichwa asimtazame Msumari.

"Hayupo," alisema Msumari. "Amesafiri."

Akazima redio, akavaa kofia yake, akaondoka.