Jembe Lililochukuliwa na Mto

Wanaocheka kisa hiki wamuulize Selpha mwenyewe, Mjaluo, rafiki wa shangazi yangu. Wakati wa Emajensi, hali ya hatari ya siku za Mau Mau, jembe la kuazima lilimponyoka mtoni Ruiru akiliosha ili alirudishe safi, likasombwa na maji. Mwenye jembe, Mama Wamboi, mjane, hakuwa na lingine, na mvua ya kupanda ilishaanza. Selpha akaenda Thika kununua jipya, akampelekea jioni hiyohiyo, giza likiingia.

"Lako limechukuliwa na mto, Mama. Pokea hili."

"Mto gani? Si umenirudishia mchana ukaanza kunilimia, na salamu hukuniachia. Ndiyo adabu ya kwenu?"

"Mimi? Mchana nilikuwa Thika."

"Basi nani huyo bado analima?"

Nyuma ya nyumba, gizani, jembe liligonga udongo, likanyamaza, likagonga tena. Mlimaji alikuwa akiimba polepole kwa Kijaluo, kwa sauti ya Selpha.