Miwani Huachwa Mlangoni

Harufu ya tope la mtoni ilimpokea Hafsa mlangoni, na mvua ilikuwa haijanyesha Korogwe kwa wiki kadhaa.

Kwa mazoea mkono ukapanda kuvua miwani, ukakuta pua tupu. Alicheka peke yake. Macho yaliyomtesa tangu utotoni Handeni, ya mbali yote ukungu na kila mstari umepinda, sasa yalikuwa na lenzi zilizopandikizwa ndani kwa ndani. Njiani kutoka hospitali, Dar, alikuwa ameuona mkonge mche kwa mche.

Nyumba ya mkwewe, Bi Mwaija, ilikuwa na sheria yake: jua likizama, mke wa mwanawe, Sabiri, anavua miwani na kuiacha kwenye kopo mlangoni. "Mkwe hakodolewi macho," aliambiwa siku aliyoletwa. Akaiita heshima, akatii. Jioni zote za ndoa yake alipapasa sufuria ukunguni, na pembeni mwa mlango wa stoo akaona kitu kama kanga iliyotundikwa. "Ya marehemu bibi," mumewe alimwambia. "Usiiguse."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Miwani iko wapi?"

"Sina tena! Nimewekewa lenzi ndani ya macho. Kaka aliyenipeleka hospitali anasema jua likinipiga upande zinametameta kama kigae cha chupa."

Mwiko ukamdondoka Bi Mwaija. "Sabiri anajua?"

"Yuko safarini. Nilitaka kumshtua tu."

"Zitoe."

"Hazivuliwi, mama. Zimo ndani."

"Basi fumba macho! Nakuomba, mwanangu, adhana hiyo inaanza."

Fumba, tena? Jioni zote zile, na bado afumbe? Hafsa akageuka makusudi kutazama kule stoo, na hapakuwa na msumari, wala hapajawahi kuwa na msumari, kanga ilikuwa imejitanda kwenye mabega ya kitu kirefu kilichoinamisha kichwa kwa kubanwa na dari, maji yakichuruzika kwenye pindo lake hadi kwenye sakafu kavu, na pale alipotafuta macho palikuwa na ngozi tupu, laini, iliyovutwa ikakaza, na uso ule ukamgeukia polepole, kama mtu aliyesikia anaitwa.

"Limejua unaliona," Bi Mwaija alinong'ona, uso ukutani.

"Ni nini, mama?"

"Jini la mto. Babu yake Sabiri alilileta lilinde shamba, nalo likadai macho. Asiyeliona halimgusi. Mimi tangu niolewe napika nimelipa mgongo. Husna aliligeukia."

Husna, mke wa kwanza wa Sabiri, alirudishwa kwao Mnyuzi akiongozwa kwa fimbo. Watu walisema ni trakoma, ule ugonjwa wa macho.

"Kwa hiyo mlitafuta kipofu!"

"Tulitafuta atakayesalimika."

"Mngeniambia! Mngeniambia, nikakataa kwa mdomo wangu!"

Bi Mwaija aliinama, akapapasa sakafu kutafuta mwiko, uso bado ukutani.

Kulipokucha, macho yake yakiwa bado mazima, Hafsa alipanda basi la Handeni, kwao. Alimkuta mama yake uani akianika mahindi. Mama alimshika mashavu, akamgeuzageuza kwenye jua la mchana, akapiga kigelegele.

"Hebu nisomee lile bango la duka kule. Nione hizo lenzi!"

Hafsa akasoma neno la kwanza, akasoma la pili. La tatu likapinda. Kisha ukungu ukafunga jicho la kulia, ukungu uleule wa zamani, aliukumbuka kama anavyokumbuka harufu ya nyumba yao. Ila harufu iliyomjia sasa haikuwa ya nyumbani. Ilikuwa tope la mtoni, hapa Handeni ambako maji huletwa na punda.

"Mbona umenyamaza, binti? Endelea!"

Kwa jicho lililobaki akatazama chini ya bango. Kanga ilikuwa imesimama kwenye vumbi, ikichuruzika. Ngozi ya ule uso ilikuwa imepasuka upande mmoja, na ndani ya mpasuko jicho jipya lilikuwa likipepesa, likijifunza kuona. Jua lililipiga upande. Likametameta kama kigae cha chupa.