Kwa Kazi au kwa Posa

Wavu ulimkatikia Mwanaheri katikati ya stendi ya Kilwa Masoko, mipira ikatawanyika chini ya mabasi na bodaboda. Kijana mmoja mrefu, shati la bluu limemkaa vizuri mabegani, akairudisha yote kwa miguu, hakushika hata mmoja kwa mkono. Haya, moyo wa mtu utafanyaje hapo? Haukupita muda, dera la Mwanaheri likawa linanukia udi kila Jumamosi, na kijana huyo, Likwata wa kijiji cha Milola, akawa anajitolea kuwafundisha mpira watoto wa kituo cha malezi anachofanyia kazi bibie.

Kila anayejitolea pale huchunguzwa kwanza: polisi, kisha simu kwa mwenyekiti wa kijiji chake. Kazi hiyo ilikuwa ya Mwanaheri. Kwa Likwata aliona haya hata kuianza, akamwambia mkuu wake, Mama Restuta, kwamba huyu ameshapita. Mtu anakuita roho yangu asubuhi na jioni, umchunguze kama mwizi?

Basi Jumatatu Mama Restuta akamwita. Likwata alikuwa amekuja mwenyewe kusema hakuna aliyemuulizia polisi wala kijijini, na hatarudi kwa watoto mpaka auliziwe. Kazi ya kuchunguza watu Mwanaheri akanyang'anywa palepale. Kasalitiwa, tena na huyo huyo! Akampigia simu.

"Umeniuza, Likwata."

"Roho yangu, ningeleta posa kwenu, wajomba zako wangefanya nini?"

"Wangetuma watu Milola wakuulizie."

"Hiyo ni kwa ajili yako wewe mmoja. Na watoto wa watu je?"

Mwanaheri akakata simu, akalia mpaka wanja ukamwagika mashavuni. Likwata akapiga na kupiga, hakupokelewa.

Alhamisi Mama Restuta akamkalisha Mwanaheri ofisini, akaweka simu mezani, spika imewashwa, akampigia mwenyekiti wa Milola. Baada ya shikamoo na habari za mikorosho, mzee akauliza, "Huyo Likwata mnamuulizia kwa kazi au kwa posa? Maana kwa posa huwa tunaficha kidogo."

Mama Restuta akamtazama Mwanaheri.

"Kwa watoto, mzee wangu," Mwanaheri akasema. "Usifiche kitu."

Mzee akaeleza kwamba walikuwa na mwalimu wa tuisheni, kijana wao wenyewe, hakuna aliyeona haja ya kumuuliza lolote. Mdogo wake Likwata akamwambia kaka yake anachofanyiwa. Wazee wakamtaka Likwata anyamaze, yeye akaenda polisi.

"Tukamtenga, mwanangu. Mimi wa kwanza. Mwalimu alipofungwa ndipo watoto wengine wakaanza kusema. Na mjukuu wangu alikuwemo."

Mwanaheri akatoka nje bila kuaga, akapiga simu.

"Likwata, lete wazee."

"Umeshaniulizia?"

"Nimekuulizia. Na wewe niulizie. Utaambiwa nilisema uongo kwa sababu ya mwanamume."

"Hilo nalijua, roho yangu," Likwata akasema. "Wazee watakuja."