Anwani ya Usenge

Kila Ijumaa baada ya masomo, mwanafunzi Lornah aligawa barua zilizofika shuleni. Watu wengi wa mtaa wa Mamboleo walitumia sanduku la posta la shule yao. Waliohama walimwachia anwani mpya, naye akawatumia barua zao huko. Anwani hizo aliziandika popote, nyingine kwenye karatasi zilizobandikwa kabatini, nyingine nyuma ya daftari lake la hesabu.

Siku moja mwaka 1987 ilifika barua iliyoandikiwa Mama Nasipwondi, mchuuzi wa dagaa wa omena. Karatasi ya kabatini ilisema amehamia Katito. Lornah akaandika Katito juu ya bahasha, akaipeleka posta.

Baada ya wiki tatu barua ilirudi. Mtu alikuwa ameandika, "Amehama hapa." Ndipo Lornah alipokumbuka kwamba mama huyo alipita shuleni mwezi wa pili, akasema sasa yuko Usenge. Akafunua daftari la hesabu. Anwani ilikuwemo. Aliituma barua bila kumwambia mtu.

Mwezi ulipokwisha, Mama Nasipwondi alikuja ofisini kwa Mwalimu Enos, amefunga kitambaa cheusi kichwani.

"Mama yangu aliugua, akaomba niitwe," alisema taratibu. "Nilipoipata barua nilisafiri siku hiyo hiyo. Kwetu Bungoma nilikuta kaburi. Nataka tu kujua ilichelewa wapi."

"Labda huko posta," alisema Mwalimu.

Lornah alikuwa humo ofisini, anafuta ubao wa matangazo. Angeweza kunyamaza.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Niliituma Katito, na anwani ya Usenge nilikuwa nayo."

Mama Nasipwondi aliketi. Alilia muda mrefu, bila sauti.

"Wanasema aliniulizia mpaka mwisho," alisema. Kisha akamtazama Lornah. "Umesema ukweli, mwanangu. Lakini naumia."

Alipoondoka, Mwalimu alitoa daftari jipya. Walikusanya anwani zote, kila mtu na mstari wake. Kwa aliyehama tena, anwani ya zamani waliikata, wakaacha ile mpya tu.

"Hukuwa mvivu, Lornah," alisema Mwalimu. "Uliandika, ila mahali ambapo hukutazama ulipohitaji. Mtu akikuachia anwani yake, amekukabidhi njia ya watu wake kumfikia. Iweke pamoja na nyingine, na usitume barua kabla ya kuitazama."

Lornah alitikisa kichwa kukubali, akaandika mstari wa mwisho.