Mafundo Yanayolalia Kulia

"Kondori, ndege inaruka baada ya dakika tisa."

Zoraida Yupari, mpelelezi aliyepewa jina hilo la Kondori, hakuijibu redio. Aliikanyagia mafuta Hilux yake, akaupasua ukungu wa Callao, akafunga breki mbele ya ghala la mizigo la uwanja wa ndege, bastola yake ya Glock ikimchoma ubavuni.

Lothar Brandl, mtu aliyekuwa akimwandama, alikuwa keshafika. Suti safi, tabasamu la mtu mwenye karatasi zote. Sandukuni mwake mlikuwa na kipu, kamba za mafundo ambazo Wainka walihifadhia habari zao. Karatasi ilisema ni nakala. Ile ya kweli, alimweleza afisa wa forodha, iko makumbusho nyuma ya kioo, na Lima nzima imepanga foleni kuitazama.

Afisa akanyanyua muhuri.

"Ngoja kwanza, kaka."

"Ningoje nini, dada? Masihi arudi?"

Zoraida alikuwa tayari anapiga simu. Doña Hermelinda, mtafiti wa makumbusho, aliandika kitabu juu ya kipu ile, kikampa medali. Zoraida akamuuliza atajuaje ipi ni ipi.



"Doña, dakika sita."

"Picha ya kitabuni ilichapwa kinyume, kama kwenye kioo, mwanangu. Niliona kosa hilo siku ya sherehe, medali iko shingoni. Nikanyamaza miaka thelathini."

Wasomi wote walisoma picha ile, akasema. Hakuna aliyefungua droo kuitazama kipu yenyewe. Aliyetengeneza bandia naye kaifuata picha, kwa hiyo mafundo yake yanalalia kushoto. Ya kweli yanalalia kulia.

Zoraida akatoa lenzi.

Fundo la kwanza. Kulia.

La pili. Kulia.

Basi Lima nzima ilikuwa imepangia foleni bandia.

Mkono wa Brandl ukaingia kotini. Glock ikamuwahi.

"Toa taratibu, mzee. Nina mafua, nisije nikapiga chafya."

Bastola ikaanguka. Pingu zikalia.

Lakini bastola ya Brandl ilikuwa na kibali. Bila shahidi wa kipu, afisa alisema, huyu bwana atakula chakula cha jioni hotelini kwake. Kalamu ya Zoraida ikasita juu ya fomu. Jina la Doña na siri yake vikiingia hapo, kesho mji mzima utakuwa navyo mdomoni.

Simu ilikuwa bado wazi.

"Andika," bibi akasema. "Jina lote. La baba na la mama."

Akaandika: Hermelinda Achulli Tito.

Redioni mkuu alikuwa akimpongeza. Zoraida akaizima, akapandisha kola ya koti, akaelekea garini kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, simu sikioni. Bibi alikuwa hajakata.