Kondoo Aliyekula Kofia

Kila asubuhi kengele ya shule yetu ya bweni ilipolia tulinawa maji ya baridi kali, tukanywa uji wa shayiri, kisha Mwalimu Threlkeld akatusomea mashairi. Washairi wa siku zile walikuwa wamegundua jambo kubwa: kwamba raha si dhambi. Furaha ndogo ya macho na masikio, walisema, humfunza mtu wema kuliko fimbo. Mimi, Edwin Birkett, niliiunga mkono hoja hiyo kwa moyo wote, hasa habari ya fimbo.

Uji niliunywa peke yangu. Tangu nilipomtilia chumvi Tyson, rafiki yangu wa pekee, katika bakuli lake, alikuwa amehamia meza nyingine na hanisemeshi.

"Jumatatu," alisema Mwalimu, "kila mmoja atasimulia furaha aliyoionja mwenyewe. Sitaki ya kuazima."

Jumapili nilipanda kilima cha Loughrigg kuitafuta. Washairi hupanda peke yao, na upweke nilikuwa nimejaliwa tele. Nikalitazama ziwa lililokuwa chini yangu kwa taadhima. Ziwa likanitazama. Sikusikia kitu ila njaa.

Ghafla upepo ukaipeperusha kofia yangu ya majani hadi miguuni pa kondoo mzee. Akaanza kuitafuna taratibu, akinikazia macho kama mwalimu mkuu anayesahihisha insha. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nikageuka. "Tyson, hebu mwone..."

Palikuwa na jiwe tu. Nikaacha kucheka, nikateremka kilima.

Niliporudi bwenini niliandika kurasa mbili za mawingu na malaika. Lakini Jumatatu, niliposimama mbele ya darasa, nilizikunja nikasimulia habari za kondoo, pamoja na pale nilipogeuka kumwita Tyson nikaona jiwe.

Darasa liliangua kicheko.

"Mwongo!" alisema Tyson. "Kondoo gani anakula kofia?"

"Twende ukamwone. Labda utepe wa kofia bado unaning'inia mdomoni mwake."

"Si ungeniita, mjinga wewe!"

"Ungekuja?"

Akajikuna kichwa. "Ningenuna njia nzima. Lakini ningekuja."

"Nisamehe, Tyson," nilisema, safari hii bila utani.

Mwalimu alifunga kitabu. "Wanangu, furaha ya kweli haiazimwi. Ikikujia, moyo huuliza papo hapo: nimwonyeshe nani? Basi mtunzeni huyo wa kumwonyesha. Haya, Birkett, beba kiti chako, kakae na Tyson."