Ufadhili wa Waliowahi

"Kozi, pweza ametoka pangoni. Amegeuka kusini."

Mwelu Muthoka, ambaye kazini aliitwa Kozi, aliisikia sauti ya Samuel wa kituoni katika kisikizi cha sikioni, akaiwasha pikipiki yake ya Yamaha.

Kusini! Gari lililowabeba vijana lilikuwa limeaga kwamba linakwenda Nairobi. Kusini mwa Msambweni kuna Lunga Lunga, na baada ya Lunga Lunga kuna mpaka wa Tanzania.

Buibui lilimpepea mgongoni. Alikuwa amelivaa tangu asubuhi, yeye Mkamba wa kanisani kutoka Shimba Hills, ili aketi na kina mama kwenye dua. Ndani ya buibui palikuwa na bastola, Glock 19.

Dua yenyewe ilikuwa ya kuwaaga vijana. Walikuwa wamefaulu kidato cha nne, wakawahi kuomba nafasi katika chuo kikuu kimoja cha binafsi, wakapewa ufadhili kamili. Chuo hicho hakikuwa na mchezo. Mwenye alama nzuri aliyewahi anasoma bure. Aliyechelewa ajilipie, hata awe na akili za kumwaga. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Ndipo akatokea Chande. Suti safi, maneno matamu, akajiita mjumbe wa chuo. Angewapeleka vijana mwenyewe, kwa gari. Watu walimchinjia mbuzi.

Idara ya ujasusi ya Mwelu ilimjua vizuri zaidi. Chande alikuwa akimkusanyia vijana mgeni mmoja aliyeitwa Kapteni. Kapteni aliwavusha mipaka, akawafungia katika majumba ya mbali, wakalazimishwa kutapeli watu mtandaoni usiku na mchana. Waliokwenda hawakurudi.

Kabla ya dua, Chande alipitisha kapu.

"Tieni simu humu, wazee wangu. Tunamwomba Mola, isije ikalia moja katikati tukaharibu adabu."

Nani angekataa? Zilitiwa zote. Bi Subira alitia yake na ya bintiye, Mwanatumu. Mwelu akatia simu ya bandia yenye kifaa cha kufuatilia.

Mwanatumu alimnong'oneza, "Dada, chuo kitaniletea namba za siri za kuthibitisha nafasi kwenye simu ile. Sote tunaletewa leo. Tusipozijibu kabla ya saa sita mchana, nafasi wanapewa wengine."

"Utarudishiwa simu yako. Usiwe na wasiwasi."

Aliahidi hivyo, Mungu amsamehe.

Kisha akainamisha kichwa, akamwuliza Samuel kwa sauti ya chini, "Nimshike sasa?"

"Zii, bado! Tukimshika huyu, Kapteni atapotea. Tulia."

Tena mikono ilikuwa imeshainuliwa, na hata jasusi hakatizi dua ya watu. Mwelu akainua yake, akaitikia amina. Chande naye aliitikia, kwa sauti kuliko wote, na dua ilipokwisha akaondoka na vijana pamoja na kapu. Atawagawia njiani, alisema.

Sasa, kwenye daraja la Ramisi, kitone chekundu katika skrini ya Mwelu kilisimama.

Alifunga breki.

Gari halikuwapo. Chini, ukingoni mwa mto, kapu lilikuwa limenasa kwenye matete, limelala upande, likianza kuingia maji.

Mbele, upande wa kulia, vumbi lilitimka katikati ya miwa.

"Samuel, kapu liko mtoni. Gari limeingia mashambani."

"Achana na simu! Fuata gari!"

"Namba za watoto zimo humo."

"Kozi! Gari!"

Roho ilimuuma. Akalifuata vumbi.

Aliwakuta Chande na vijana mahali miwa ilipokatwa. Land Cruiser nyeupe ilikuwa inangoja na mlango wazi. Kando yake alisimama mgeni mwenye shati la maua, bastola mkononi. Kapteni.

Risasi ya kwanza ya Mwelu ilipasua gurudumu la Land Cruiser. Ya pili ilimwangusha Kapteni, goti limevunjika, bastola yake ikarukia kwenye miwa.

Chande aliinua mikono.

"Dada, wallahi, sisi sote ni Waislamu. Tuelewane."

"Mie Mkamba. Lala chini!"

Akalala, na suti yake.

"Kozi kwa kituo. Pweza na bwana wake wamo wavuni. Vijana wote wazima."

"Kazi safi! Mkubwa atafurahi sana."

Mwelu alitazama saa. Saa sita ilikuwa imepita.

Hata hivyo alipiga simu chuoni. Alipokea mwanamke mpole, akajitambulisha kuwa ni Eunice wa ofisi ya udahili.

"Pole sana, madam. Mfumo unajifunga wenyewe. Nafasi zimekwenda kwa waliofuata."

"Walikuwa wametekwa nyara!"

"Naelewa. Wanakaribishwa kujiunga kwa kujilipia."

"Nafasi zote zimekwenda?"

"Zote."

Polisi walikuja, wakawabeba Chande na Kapteni. Wazazi wakafuata nyuma. Bi Subira alimkumbatia Mwelu, machozi yakimtiririka.

"Mwenyezi Mungu akulipe kheri, mwanangu. Sasa, hiyo safari ya Nairobi itakuwa lini?"

Mwelu aliirudisha bastola ndani ya buibui.

Mwanatumu ndiye aliyejibu.

"Haipo, mama. Nafasi zimefungwa."

Kisha akamgeukia Mwelu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Mwelu zaidi.

"Ahsante, dada. Umeniokoa nisiende kule. Na sasa siendi popote."

Akamshika mama yake mkono, wakaelekea barabarani pamoja na wenzao.

"Kozi, rudi kituoni Ukunda," Samuel alisema sikioni. "Leo tunakula samaki, mkubwa analipa. Kozi? Unanipata?"

Mwelu alikichomoa kisikizi, akakitia mfukoni. Alilivua buibui, akalikunja vizuri kama alivyofundishwa na kina mama, akavaa kofia ya pikipiki. Aliwapita wale vijana taratibu ili asiwatimulie vumbi, wala hakugeuka kuwatazama.